Rotary, Lions au kikundi cha mtaani: ukiwa Mwanza ujiunge wapi?

Mdogo wa mume wangu alihamishiwa Mwanza mwezi wa pili, akapanga nyumba Nyegezi, na kabla hajamaliza kufungua maboksi alikuwa ameshaalikwa sehemu tatu. Mkuu wake wa kazi alimwita kwenye chakula cha mchana cha Rotary mjini, klabu ya watu wa kazi mbalimbali wanaofanya miradi ya hisani. Daktari mmoja anayesali naye akamwambia aje awaone Lions, klabu nyingine ya hisani. Na mama mwenye nyumba, Msukuma asiyependa mpangaji akae mtaani kama mpita njia, alimletea katiba ya kikundi cha kufa na kuzikana ikiwa imekunjwa mara nne. "Baba, soma hii. Jumapili tunakutana."

Jioni akanipigia. "Shemeji, kote siwezi kwenda. Nianzie wapi?"

Nauza vifaa vya maji: mabomba, koki, mipira ya pampu, matangi. Kwa biashara hiyo nimeuzia miradi mingi ya hisani hapa mjini na visiwani, nimekaribishwa kwenye meza za klabu kama mgeni, na kwenye kikundi cha mtaa wetu nimekuwa mweka hazina. Jibu nililompa lilikuwa refu kuliko alivyotegemea. Nimeliandika hapa kwa sababu najua wapo wengine wanaoulizwa na kuulizana hivyohivyo.

Watu wengi hulinganisha vyama hivi kwa kuangalia picha za miradi: madawati, visima, watoto wameshika madaftari mapya. Mimi naangalia kikao. Picha hupigwa siku moja. Kikao ndicho utakachoishi nacho, wiki baada ya wiki, ukiwa umechoka, mvua inanyesha, na mfukoni hamna kitu. Kama kikao chenyewe hukiwezi, huo mradi mzuri utausikia kwa wengine.

Meza ya mchana

Rotary ilianza kwa kikao, na hata jina lake limetoka kwenye kikao. Tarehe 23 Februari 1905 wakili aitwaye Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika jiji la Chicago. Alikuwa amehamia pale, mji mkubwa, hana watu. Wakakubaliana wawe wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na ule mzunguko ndio uliozaa jina. Leo wanachama ni zaidi ya milioni moja, katika nchi na maeneo zaidi ya 200, na bado ukiingia kwenye kikao chao utaona kitu kilekile: watu wa kazi tofauti wamekaa meza moja, wanakula.

Ukialikwa, mambo huenda hivi. Unafika hotelini mchana, unaandika jina kwenye daftari la wageni, unachukua sahani. Wali, ugali, sato wa kukaanga, mchicha, kachumbari. Kengele inagongwa na rais wa klabu, kikao kinafunguliwa, wageni wanatambulishwa mmoja mmoja, nawe utasimama useme jina na kazi yako. Kuna mwanachama aliyepewa kusimamia nidhamu, na huyo huzunguka na kuwatoza watu faini ndogondogo: umechelewa, simu yako imelia, umefikisha umri fulani na hukusema, binti yako amefaulu na umenyamaza. Watu wanacheka wanatoa. Mara ya kwanza nilidhani ni michezo tu, mpaka nilipoonyeshwa kwamba senti zile zinahesabiwa na kuingia kwenye mfuko wa huduma. Halafu anasimama mgeni mzungumzaji kwa dakika kama 20, anaulizwa maswali, kengele inagongwa tena, kila mtu anarudi kazini.

Naomba nikae kidogo kwenye zile dakika 20, kwa sababu humo ndimo nguvu ya meza hii ilimo. Siku moja nilipokuwa mgeni, aliyezungumza alikuwa mwalimu mkuu kutoka Ukerewe. Alikuwa amevuka na boti ya asubuhi, viatu bado vina mchanga. Hakuja na maneno ya kuomba. Alieleza kichocho tu: kwamba minyoo wake hukua ndani ya konokono wa pembeni mwa ziwa, hutoka majini na kupenya ngozi ya mtoto aliyeingia kuchota maji au kuogelea, kwamba wataalamu wakifika shuleni watoto wanameza dawa, wanapona, na kesho yake wanarudi kwenye maji yaleyale kwa sababu shule haina bomba. "Tunatibu mguu, tunaurudisha majini," alisema. Meza ilinyamaza. Kisha mhandisi mmoja akauliza shule iko umbali gani kutoka ufukweni na mlima una urefu gani. Mtu wa malori akauliza kivuko kinapakia tani ngapi. Mhasibu akauliza nani atatunza fedha za matengenezo. Mimi nikaulizwa bei ya tangi la lita 5,000. Kwenye karatasi ya kufutia mikono palikuwa na mchoro kabla sahani hazijaondolewa.

Ndiyo maana ya kukaa watu wa kazi tofauti. Kila mmoja peke yake angetoa noti na kumpa mwalimu pole. Pamoja, kwa muda wa chakula, walimpa mwanzo wa mradi. Hilo ndilo la kwanza kumwambia mtu anayesema vikao vya hotelini ni vya kula tu: aje asikilize maswali.

Kuna na maswali manne wanayoyasoma kwa pamoja. Yaliandikwa mwaka 1932 na Herbert Taylor, mfanyabiashara aliyekuwa anajaribu kuiokoa kampuni iliyozama kwenye madeni. Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, litajenga nia njema na urafiki ulio bora? Je, litawafaa wote? Mimi nimeyabandika dukani juu ya droo ya fedha, na si mwanachama.

Upande wa fedha kubwa, Rotary wana mfuko wao wa kimataifa ulioanzishwa kwa wazo la Arch Klumph mwaka 1917, na mchango wa kwanza ulikuwa dola 26.50. Leo klabu ya hapa ikitaka ruzuku ya kimataifa ya mfuko huo, bajeti ya mradi haipungui dola 30,000, lazima ipate klabu mwenza ya nchi nyingine, na lazima kwanza ifanye tathmini ya mahitaji ya wananchi wenyewe. Mwenye haraka ataona ni usumbufu. Mimi ninayeuza mabomba nasema sharti hilo la tathmini ni dhahabu, na nitaeleza kwa nini baadaye kidogo.

Na kazi yao kubwa kuliko zote kila mzazi wa hapa ameiona bila kujua: yale matone ya polio kliniki. Rotary walianza mpango wao wa dunia nzima mwaka 1985. Mwaka 1988, Shirika la Afya Duniani na wenzake walipoingia, polio ilikuwa inakadiriwa kuwapata watu 350,000 kwa mwaka katika nchi 125. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya shirika hilo ilithibitishwa kuwa haina tena kirusi cha asili cha polio. Ulinzi unaendelea na matone yanaendelea, maana ugonjwa huu hausubiri mtu alale. Lakini mtu wa umri wangu anakumbuka wale wenzetu waliotembea kwa mikono sokoni. Hesabu ni vijana wangapi wa namna hiyo unawaona leo.

Sasa gharama. Kwanza saa. Mchana wa siku ya kazi, mjini. Kutoka Nyegezi upite Mkuyuni na Igogo, au kutoka Igoma upite Nyakato na Mabatini, ukae, ule, usikilize, urudi: huo ni muda wa saa mbili na zaidi, na bosi wako lazima awe ameridhia. Kwa muda mrefu Rotary walisisitiza kikao cha kila wiki. Tangu 2016 klabu zimepewa ruhusa ya kupanga zenyewe, mradi zikutane angalau mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo uliza klabu iliyokualika imechagua nini. Kisha sahani. Chukua kalamu: kama chakula ni shilingi 20,000 na unahudhuria wiki 45, ni shilingi 900,000 kwa mwaka kabla hujalipa ada ya klabu, ada ya kimataifa ambayo hukokotolewa kwa dola, na michango ya miradi. Weka bei halisi ya hoteli yenu kwenye hesabu hiyo uone. Nawajua watu wema waliojiunga kwa furaha, wakaanza kukwepa kwa aibu ya madeni ya ada, wakapotea kabisa. Ni afadhali kujua mapema.

Macho ya Lions

Lions ni wadogo kwa Rotary kwa miaka kumi na miwili, na wao pia ni wa Chicago. Melvin Jones, mtu wa bima, alivikusanya vilabu vya wafanyabiashara mwaka 1917 akiwauliza kwa nini wakutane kwa faida ya biashara zao tu. Kwa nje wanafanana sana na wenzao: unaingia kwa kualikwa, rais wa mwaka mmoja kuanzia Julai, ada ya ndani na ya kimataifa, vijana wana tawi lao. Wanawake waliruhusiwa mwaka 1987. Rotary nao walibadilisha katiba yao mwaka 1989. Klabu nyingi za Lions hukutana mara mbili kwa mwezi, na nyingi huchagua jioni. Kwa mtu mwenye duka au zahanati, tofauti ya mchana na jioni ni kubwa kuliko historia yote niliyoandika hapo juu.

Wanapotofautiana kweli ni hapa: Rotary watazungumza nawe juu ya maji, afya, elimu, mazingira, amani, kila kitu. Lions wanafanya mengi pia, kisukari kikiwemo, lakini moyo wao uko kwenye macho. Tarehe 30 Juni 1925 Helen Keller, aliyepoteza kuona na kusikia akiwa mtoto wa miezi 19, alisimama mbele ya mkutano wao huko Ohio akawaomba wawe mashujaa wa wasioona. Hawajaliacha ombi hilo mpaka leo. Fimbo nyeupe unayoiona mkononi mwa asiyeona ilienezwa na Lions nchini Marekani kuanzia 1930.

Mwaka fulani niliombwa kupeleka tangi la kunawia kwenye kambi ya macho, nikabaki pale mpaka siku ya pili. Mtoto wa jicho, kwa wasioujua, ni lenzi ya jicho kuwa na ukungu mpaka mwanga haupiti. Daktari huitoa na kuweka ya bandia, na kwa mtu mzima upasuaji wenyewe ni mfupi. Asubuhi waliwapanga wagonjwa kwenye benchi, pamba jichoni. Alikuwepo mzee mmoja wa kisiwa cha Kome, mvuvi, aliyeshikwa mkono na mjukuu wake. Muuguzi alipobandua ile pamba, mzee hakumtazama daktari wala mjukuu. Alinyanyua mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akaitazama viganjani, kisha juu, kisha viganjani tena. Alikuwa na kovu la kamba ya nyavu kwenye kidole gumba. "Kumbe limekauka," alisema.

Kama wewe ni mtu unayehitaji kuona matokeo ili upate nguvu ya kuendelea, nenda Lions. Bomba la shule linachukua miaka miwili ya barua. Jicho linafunguliwa asubuhi.

Sanduku lenye kufuli tatu

Kikundi cha mtaani hakina beji. Kina daftari, mhuri, turubai, viti vya plastiki 100, sufuria kubwa sita na sanduku la chuma. Kina pia mizizi mirefu kuliko klabu zote mbili. Wasukuma walikuwa wakilimiana kwa makundi, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja, shamba la leo ni la huyu na la kesho la yule. Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma unayoitazama kwenye makumbusho ya Bujora wakati wa sherehe za Bulabo, ni kazi hiyohiyo ikichezwa. Kwa hiyo mama mwenye nyumba alipompelekea shemeji katiba, hakuwa anamwalika kwenye kitu kipya.

Chetu hukutana Jumapili baada ya ibada, uani kwa mwenyekiti. "Mwangaluka," "mwangaluka mhola," watu wanakaa. Kanga inatandikwa, sanduku linawekwa katikati. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao hawaishi nyumba moja. Mmoja asipokuja, sanduku halifunguki, basi. Hisa zinanunuliwa mbele ya macho ya wote, mikopo inarejeshwa, faini ya kuchelewa inalipwa, na kuna kiasi kidogo cha mfuko wa jamii kinachotolewa na kila mmoja. Hesabu inasomwa kwa sauti. Fedha inahesabiwa mara mbili, na mtu wa pili si yule wa kwanza.

Halafu kuna ule usiku. Simu inaita saa nane. Baba wa mwanachama amefariki hospitali ya Bugando. Kabla ya adhana ya alfajiri turubai limesimama, mtu ameshakwenda kuulizia jeneza, wengine wanachambua mchele, mama mmoja amekaa na mfiwa amemshika bega bila kusema neno. Rambirambi haisubiri mjadala, kwa sababu kiasi kimeandikwa kwenye katiba: mwenza na mtoto kiasi hiki, mzazi na mkwe kiasi hiki. Nilipofiwa na mama yangu sikununua hata kiberiti kwa siku tatu. Hakuna klabu ya hotelini iliyoumbwa kufanya hivyo, na sisemi kwa kuwalaumu, ndivyo zilivyopangwa. Klabu inakutana ili imhudumie aliye nje ya meza. Kikundi kinakutana ili kimshike aliye ndani.

Na huo ndio upungufu wake. Jirani asiye mwanachama akifiwa, watu wataenda kama majirani, lakini sanduku halitafunguliwa. Mwalimu wa Ukerewe asingepata mtu wa kuchora tangi uani kwetu; angepata uji na pole. Ingawa siku ya msiba mkubwa mipaka hiyo hufutika. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafa, na wavuvi wenye mitumbwi ndio waliokuwa wa kwanza kuwaopoa watu majini. Hawakuuliza nani kalipa ada.

Jambo la kuangalia kwenye kikundi ni uandikishaji. Baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vinavyoweka na kukopeshana vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Kikundi kilichosajiliwa kinafungua akaunti benki kwa jina lake, na cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Kisichosajiliwa kinaendeshwa kwa kuaminiana, na kuaminiana kukivunjika huna pa kwenda. Mtaa wa jirani mweka hazina mmoja aliondoka na mgao wa mwisho wa mwaka, watu wakabaki na daftari. Ulizia cheti. Ulizia funguo ziko kwa nani.

Mpira wa pampu

Niliahidi kueleza kuhusu tathmini. Kuna kisima cha pampu ya mkono kwenye shule moja upande wa Ilemela. Vifaa vyake niliuza mimi. Kilijengwa na klabu moja ya hisani ambayo sitaitaja, kwa moyo safi kabisa, kikazinduliwa kwa utepe na soda. Mwezi wa kumi na moja mpini ulikuwa unapanda na kushuka bila maji. Nilipopita nilikuta watoto wamejaza mawe kwenye mfereji wa kumwagia maji, wamefanya uwanja wa bao. Kilichoisha ni mpira wa ndani, kitu cha bei ya soda mbili. Hakukuwa na kamati ya maji, hakukuwa na fundi aliyefundishwa, hakukuwa na hata shilingi mia iliyotengwa. Na klabu? Ilikuwa na rais mpya, na rais mpya alikuwa na mradi wake.

Hili ni tatizo la uongozi wa mwaka mmoja, kwa Rotary na kwa Lions. Una faida zake: hakuna anayegeuza klabu kuwa shamba lake, na kila mtu hupata zamu. Lakini kila Julai kumbukumbu inahama kichwa. Kinachoweza kuiokoa ni kile kikao cha mara kwa mara, kama yupo mtu mezani anayeuliza habari za mradi wa zamani. Kikundi cha mtaani hakina shida hiyo, kwa sababu turubai likichanika kila mtu analiona.

Kwa hiyo ukialikwa klabu yoyote, siku ya kwanza usiulize watafanya nini mwaka huu. Uliza mradi wa miaka miwili iliyopita unaendeleaje. Uliza nani alikwenda kuutazama mara ya mwisho, na lini. Utakavyojibiwa ndivyo klabu ilivyo.

Nilivyomshauri

Mtu mwenye familia, mgeni wa mji, aanze na kikundi. Hapo sina mashaka. Gharama ni ndogo, na msiba hausubiri uzoee mji. Ila kama ni mtumishi wa kuhamishwahamishwa, asome katiba inasemaje kwa anayeondoka katikati ya mwaka, arudishiwe hisa zake au la. Mwanachama wa Rotary au Lions akihamia Dodoma, au akisafiri Kampala, atakaribishwa kwenye kikao cha klabu ya huko. Sanduku letu haliwezi kusafiri.

Kwenye klabu, achague moja. Mwenye kazi ya mjini, mwajiri mwenye kuelewa, na mtu anayependa kupanga mambo ya muda mrefu na watu wa fani nyingine, meza ya mchana ya Rotary itamfaa, na kadiri anavyohudhuria ndivyo atakavyofaa. Mwenye kazi asiyoweza kuiacha mchana, au mtu wa afya, au mtu aliyewahi kumwongoza mzazi asiyeona kwenda chooni, ajaribu Lions. Kijana anayeanza maisha asijibebeshe sahani za hoteli. Rotaract, tawi la Rotary, ipo tangu 1968 kwa ajili ya vijana, na kuanzia 2020 haina tena ukomo wa miaka 30. Dada mwenye mtoto mchanga asione haya kusema mchana hawezi. Na asiyeweza chochote katika hivi kwa sasa, akachangie damu hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure. Hakuna kikao pale, na hakuna ada.

Kabla ya kutia sahihi, nenda mara tatu kama mgeni. Mara ya kwanza utapenda chakula, mara ya pili utawajua watu, mara ya tatu utaanza kusikia kinachosemwa.

Shemeji aliingia kikundi Jumapili ileile. Alitozwa faini ya kuchelewa dakika kumi, akalipa. Kisha alikwenda Rotary Alhamisi tatu mfululizo, na ya tatu akauliza lile swali nililompa. Katibu hakukasirika. Alifungua faili, akasoma jina la shule na tarehe, akamwambia Jumamosi kuna gari linakwenda kuangalia, kama ana nafasi apande.

Ijumaa jioni alipita dukani. Nilimpa mipira ya pampu minne na spana, nikamwambia mpira mmoja auache kwa mwalimu, na amwonyeshe mwanafunzi mmoja wa darasa la tano namna ya kuibadilisha.